Saa Kumi Jioni, Baada ya Idi



Vijana wenzangu, ndugu na dada wa Dallas na Majengo hapa Embu, na nyinyi wa Meru mnaotufuata kwa ukurasa huu. Wengi mliokuwa kazini Jumapili mliomba mazungumzo yale yawekwe kwa maandishi, basi ndiyo haya. Nimeyapunguza kidogo, maanake siku ile mvua ilikuwa inapiga mabati na ilibidi nirudie kila jambo mara mbili.

Nataka tuzungumze juu ya saa kumi jioni.

Ndani ya Ramadhani, saa kumi jioni hapa Dallas unaijua ilivyokuwa. Mafuta yanachemka, watoto wanatumwa tende, vijana wanaosha mabirika ya uji msikitini, mwenye boda anapiga hesabu kama abiria mmoja zaidi atamchelewesha adhana. Ukipita kwenye besi za jaba unakuta viti vitupu, au wamebaki wale wasiofunga. Sasa pita saa hiyo hiyo wiki hii. Kijana aliyekuwa safu ya pili kwenye tarawehe, usiku baada ya usiku, amekaa pale pale alipokuwa Shaaban. Shavu limejaa, njugu na bablishi ziko mkononi. Magharibi inampita hapo. Isha inampita hapo. Akirudi nyumbani macho ni makavu, usingizi unakuja saa nane au saa tisa za usiku. Alfajiri umtafute wapi?

Huyo kijana ukimuuliza atakwambia, "Mimi ni mnafiki tu, wacha nikae." Na sisi tulio nje ya besi tunamsaidia kuamini hivyo. Tunamwita Muislamu wa msimu. Tunapiga picha safu zilizobaki mbili baada ya Idi, tunaziweka status na maneno ya kejeli. Hebu tuache hiyo tabia. Sijaona mtu hata mmoja aliyerudi msikitini kwa sababu alichekwa.

Kuna sahaba aliyepita njia hiyo hiyo. Anaitwa Handhala (r.a.), na kisa chake kimo kwenye Sahih Muslim. Alikutana na Sayyidna Abubakar akiwa amehangaika, anasema Handhala amekuwa mnafiki. Kisa na maana? Akikaa na Mtume (s.a.w.) anaiona pepo na moto kana kwamba viko mbele ya macho, lakini akirudi kwa mke na watoto na shughuli za mali, mengi yanamtoka. Abubakar hakumkemea. Alimwambia na sisi pia tunapata hali hiyo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume, na jawabu lake ni kwamba lau wangedumu katika hali ile ile wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani na njiani. Lakini kuna saa na saa.

Mimi napenda sana ile sehemu ya Abubakar. Mtu bora wa umma huu baada ya Mtume anamwambia mwenzake: hata mimi. Halafu wanaenda pamoja. Angalia pia Handhala alikuwa anarudi kwa nini: mke, watoto, kazi. Hayo ni maisha, na Mtume hakumwambia ayaache. Kwa hivyo joto la moyo likishuka baada ya mwezi mosi Shawwal, usijihukumu haraka. Moyo hupanda na kushuka. Linalonitia wasiwasi mimi ni ratiba, kwa sababu ratiba haikushuka polepole kama moyo. Ilikatika usiku mmoja.

Hebu hesabu nani waliokubeba mwezi ule. Mama alikuamsha daku, au jirani aligonga bati. Imamu alisimama, wewe ukafuata nyuma. Futari ililiwa dakika moja na mji mzima. Mwenye kibanda alikuona mchana akajua umefunga. Hata majirani zetu Wakristo, na hapa Embu ndio wengi, walikuwa wanakuuliza, "Bado hujafungua?" Ukifika Mombasa Old Town au Lamu, mwezi ukiisha mtaa wenyewe unaendelea kukukumbusha: adhana zinajibizana, kanzu ziko kila kona. Sisi huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya tuko wachache. Ramadhani ikiondoka, inaondoka na mtaa wake. Kilichobaki ni wewe, simu yako, na besi ambayo inafunguliwa kila siku bila kukosa. Besi ina jamaa, ina saa, ina kiti chako, na usipokwenda wanakupigia simu kukuuliza uko wapi. Niambieni ukweli, msikiti ulikupigia simu lini?

Hapo ndipo naiona shida yetu.

Na jambo hili la muguka tulizungumze vizuri, kwa sababu sisi si watu wa Pwani wanaoletewa na lori. Muguka ni wa hapa, unatoka Mbeere, kama vile miraa ni ya Igembe kwa ndugu zetu wa Meru. Kuna nyumba nyingi ambazo karo inalipwa na majani hayo, na wenye mashamba ni majirani na marafiki zetu. Mtakumbuka Mei 2024, wiki sita hivi baada ya Idi, kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wiki haikuisha, Mahakama Kuu hapa Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Kelele zilikuwa nyingi pande zote mbili. Wakulima walisema mkate wao, wazazi wa Pwani walisema watoto wao, na wote walikuwa na machungu ya kweli. Lakini katika kelele zote zile sikusikia mtu akiuliza: kijana asiye na kazi, kutoka saa kumi mpaka saa mbili usiku, atakaa wapi na atakaa na nani?

Hukumu ya jaba waulizeni masheikh, mimi si mufti. Mimi nasema lile ninaloliona kwa macho. Majani yale yana kitu kinachofukuza usingizi, na nguvu yake inapungua jani likikauka, ndiyo maana magari ya miraa ya Meru yanakimbia vile barabarani. Kitu kinachofukuza usingizi saa nne za usiku kinaileta deni saa kumi na moja alfajiri. Na mtu akikosa Alfajiri siku tatu mfululizo, Qur'ani inafungwa yenyewe, wala hakuna aliyeamua kuifunga. Inaanzia kwenye kiti cha jioni.

Katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua. Aya inazungumzia watu na ahadi zao. Kila Shawwal huwa naufikiria ule uzi. Kazi ya kusokota alishaimaliza, na mkono ulioufumua ni wake mwenyewe.

Sasa tufanye nini? Msiniletee orodha ndefu. Kila mwaka usiku wa Idi watu wanaandika: juzuu moja kwa siku, tahajudi kila usiku, Jumatatu na Alhamisi zote, na kuacha jaba, sigara na matusi siku hiyo hiyo. Ikifika Shawwal kumi hakuna hata kimoja. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bi Aisha (r.a.), alifundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Na alimuonya Abdullah bin Amr asiwe kama mtu fulani aliyekuwa anasimama usiku kisha akaacha. Jina la mtu yule halikutajwa, hata sisi leo hatumjui. Onyo limetufikia na heshima yake ikabaki.

Pendekezo langu ni dogo, na mimi na wenzangu tumeanza nalo. Watu watano. Msiwe ishirini, maanake ishirini ni kikundi cha WhatsApp na kila mtu atafikiri mwingine atafanya. Watano mnaojuana nyumba. Chagueni swala moja tu mtakayoilinda pamoja kwa jamaa, na mimi kwa vijana wa Dallas nashauri iwe Magharibi, kwa sababu ndiyo inayokata jioni katikati. Asiyeonekana anapigiwa simu kabla ya Isha. Anapigiwa kuulizwa kama yuko salama. Hapigiwi kusomewa hadithi. Kutoka Magharibi mpaka Isha mnakaa, nusu ukurasa wa Qur'ani, kisha chai na hadithi za mpira, sawa tu. Kiti cha besi hakiachwi hivi hivi, lazima kiwe na kiti kingine pahali. Tukimwambia kijana atoke besi halafu aende akakae peke yake chumba cha kumi kwa kumi, tumemfukuza tu.

Na mwenzenu akirudi kwenye jaba, je? Atarudi, wengine watarudi mara nyingi. Basi aje Magharibi na shavu lake, asukutue, asimame safu. Asiambiwe akae nje mpaka aache kabisa. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) akipitwa na swala ya usiku kwa usingizi au maumivu, alikuwa akiswali rakaa kumi na mbili mchana. Yeye ni Mtume, amesamehewa, na bado jambo likimpita analifidia kesho yake. Wewe ukipitwa Jumanne, kuna Jumatano.

Dada zangu, msidhani nimewasahau. Jioni yenu ina mambo yake, na wengi wenu mwezi mzima mlikuwa jikoni wakati sisi tunahesabiwa thawabu za safu ya kwanza. Wenye siku za kulipa, kumbukeni Bi Aisha mwenyewe alikuwa hazipati nafasi za kulipa mpaka Shaaban, kwa hivyo asije mtu kukutia hofu wiki ya kwanza ya Shawwal. Lipeni polepole, lipeni wawili wawili, moja apike na mwingine amsomee. Na kwa wale wanaofunga sita, mwezi bado uko, si lazima zifuatane.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la harakati yetu. Katika Ramadhani wengi mlipata ujasiri wa kumwambia bosi, "Naomba kutoka saa kumi na moja na nusu, nimefunga." Bosi alikubali. Baada ya Idi mtu yule yule anashindwa kuomba saa moja ya Ijumaa. Anaogopa ataonekana ameleta dini kazini. Ndugu yangu, Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakupa haki ya kudhihirisha dini yako kwa ibada na kwa kuiadhimisha siku ya ibada, na inasema hutanyimwa kazi wala huduma kwa sababu ya imani yako. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza ubaguzi wa dini kazini. Simaanishi uende ukapige meza. Zungumza kwa adabu, jitolee kufidia ile saa, na ukikubaliwa usiende kuitumia kwa steji ukipiga stori. Ukikataliwa kwa matusi, au ukitishwa kufukuzwa, tuletee habari. Andika tarehe, andika maneno uliyoambiwa, na kama kuna ujumbe wa simu usiufute.

Vivyo hivyo kwa vijana wanaozolewa kwenye besi jioni. Kukaa pahali si kosa, na aliyekamatwa ana haki zake chini ya kifungu cha 49: aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na wakili, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au, kama saa hizo zimekwisha siku ambayo si ya mahakama, siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Katika Ramadhani kuna waliopeleka futari korokoroni, Allah awalipe. Korokoro haikufungwa Idi. Bado wako watu mle, na bado wanakula.

Alhamisi hii wale wa sita tunafuturu pamoja hapa Dallas, uji na viazi tu, hakuna mdhamini. Kila mtu aje na kikombe chake. Usiyefunga pia njoo, kazi ya kuosha sufuria ipo. Na kama unamjua mmoja ambaye saa kumi jioni yuko pale, pitia kwake kwanza, mje pamoja.

Allah atukubalie tuliyoyafanya na atusamehe tuliyoyaacha. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.