Majina ya Wapagazi Yako Wapi?

Msikilizaji, ukishuka Posta jijini Dar es Salaam ukaifuata Barabara ya Samora, utakutana na Askari wa shaba ameshika bunduki, singe imeelekea bandarini. Waingereza walimsimamisha mwaka 1927, pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Mchongaji ni James Alexander Stevenson. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko chini yake, kwenye maandishi. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, naye anamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Haya, zunguka jiwe lote hilo utafute jina. Hulioni hata moja.

Kisha nenda makaburi ya vita, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Yalianzishwa mwaka 1968, baada ya makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza kuhamishwa kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara. Mawe yamepangwa safu kwa safu, na yameandikwa majina. Lakini wapagazi wetu walio wengi, humo hawamo.

Nao ndio walioibeba vita ile mgongoni. Kariakoo, palipo na soko leo, ndipo ilipokuwa kambi yao. Walichukua risasi, unga na majeruhi, wakavuka Rufiji kwenda kusini, wengine bila viatu wala blanketi. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Wanahistoria hukadiria kuwa upande wa Waingereza pekee walikufa wapagazi zaidi ya 90,000.

Vita ilipokwisha, wakubwa wa makaburi waliamua kwamba Mwafrika hajali alama ya kaburi. Hawa hawa wanaosoma hitima, wanaoondoa matanga, wanaompa mjukuu jina la babu! Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alipendelea makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi pori. Yakarudi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ubaguzi huo, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Tumesikia. Ila mwezi Januari 2025, huko Cape Town, tume hiyo ilizindua ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliofia vitani katika bara hili. Wako zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina. Kumbe inawezekana.

Basi tume ije na huku, na serikali yetu isingoje kubembelezwa. Nawe msikilizaji, kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa upagazi asirudi, waulize wazee wangalipo. Andika jina lake, ukoo wake na kijiji alikotoka, uupeleke ushahidi huo Makumbusho ya Taifa. Majina hayo yachongwe, na yachongwe Dar es Salaam.