Kitambaa cha Kichwa na Majani ya Mtini

Wapendwa, tumeombwa tuseme machache kuhusu sare zetu, na hatuwezi kutaja sare tukakiruka kitambaa cha kichwa. Hicho kimetugombanisha kuliko hata suala la nani aongoze wimbo.

Kanuni yetu ilikuwa fupi: dada asiye na kitambaa haimbi. Tuliitoa katika 1 Wakorintho 11, nalo ni neno la kweli. Lakini tulilisoma nusu. Katika sura ile ile Paulo anamtaka mwanamume aombe kichwa wazi, na ndugu zetu wa besi wamekuja mazoezini na kofia miaka yote, tukaomba nao, na hakuna aliyetozwa faini. Tena mwanamke anayetajwa pale anaomba na kutoa unabii. Paulo anataka afunike kichwa; hapo hamfukuzi. Na majirani zetu Wakorino, wanaume kwa wanawake, huvaa vilemba, na nani atasema hawamchi Mungu?

Jumapili moja dada mmoja wa soprano alisahau kitambaa. Tulimtoa kwenye mstari kanisa zima likitazama. Aliketi nyuma. Jumapili iliyofuata hakuja. Siku ile tuliimba vizuri sana, na hilo ndilo linalotuuma.

Kule Edeni, kabla ya dhambi, hapakuwa na nguo wala aibu. Aibu iliingia baada ya tunda. Adamu na Hawa wakajishonea majani ya mtini, na hata wakiwa nayo walijificha mitini. Ndipo Mungu, akiwa amekwisha kutoa hukumu, akawatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika, kisha akawatoa bustanini. Hakuwatoa uchi. Vazi alilotoa Mungu lilifunika aibu ya wakosaji. Kitambaa chetu kiliianika aibu ya mtu aliyesahau tu.

Vitambaa bado tunavaa, na tunavipenda. Ila siku hizi kabatini mna vya akiba, vimepigwa pasi, na anayesahau hufungwa na mwenzake kabla hatujaingia. Dada yetu tulimwendea nyumbani, tukamwomba msamaha. Alitupikia chai. Hakuahidi kuimba, lakini alisema atakuja leo. Mkiona pengo mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto, msidhani tumekosea kujipanga.