Ningu wa Mto Nzoia na Wingi wa Wavuvi
Mvua kubwa zinyeshapo, samaki aitwaye ningu hutoka Ziwa Victoria na kuupanda Mto Nzoia ili atage mayai katika nyasi zilizofurika maji. Zamani wenyeji walimtega huko juu kwa ua wa miti na vikapu. Nyavu za kigeni, zilizoingia ziwani mwaka 1905, ziliwavuta wavuvi wengi mlangoni mwa mto, mahali palipo rahisi kuliko pote. Kila mmoja akatega mbele ya mwenziwe, hata jike mwenye mayai akakosa njia. Kufikia miaka ya 1960 ningu walikuwa haba sana. Mvuvi akiukuta mlango umejaa watu, na aelekeze mtumbwi ziwani. Makasia yatamchosha, ni kweli, lakini majike watapita.