Maandishi ya Mitumba katika Tovuti za Umma



Mtu anayenunua koti la mtumba katika soko la Tunduma huligeuza ndani na nje, akapekua mifuko na kutazama mishono, kabla hajatoa fedha yake. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akikaa ofisini mbele ya kompyuta, yu tayari kuchukua ukurasa mzima wa maandishi ya watu wengine na kuubandika katika tovuti ya umma bila ya kupekua hata mstari mmoja.

Mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Tanzania zilipata tovuti zilizojengwa juu ya kiunzi kimoja. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, kwani hapakuwa na sababu ya kila halmashauri kugharimia fundi wake. Lakini kiunzi ni cha wote, na habari ni za mahali. Karani aliyebanwa na kazi hushawishika kukijaza kwa chochote kilicho karibu: taarifa ya miaka iliyopita, kijitabu cha wilaya jirani, au, siku hizi, aya zilizotungwa na programu ya akili mnemba isiyojua Vwawa iko upande gani wa Tunduma.

Mkoa wa Songwe waonyesha hatari hiyo waziwazi. Ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kwa hiyo vitabu na ripoti za kabla ya hapo huziweka Tunduma, Mbozi na Ileje katika Mkoa wa Mbeya, na wakati wake jambo hilo lilikuwa kweli. Anayezinakili leo ananakili kweli iliyokwisha muda wake. Jina lenyewe nalo ni mtego. Kiwanja cha ndege cha Songwe hakimo katika Mkoa wa Songwe, kimo Mbeya. Mito iitwayo Songwe ni miwili: mmoja hupita mpakani na Malawi ukaingia Ziwa Nyasa, na mwingine huelekea Ziwa Rukwa. Mwenye kuokoteza habari kwa kufuata jina tu atampa mwanafunzi wa Ileje mto usio wake.

Tukio la sensa ni zito zaidi. Mwaka 2012 eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Songwe lilihesabiwa watu 998,862. Mwaka 2022 walikuwa 1,344,687. Anayepanga madawati au dawa kwa hesabu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyoikuta imeandikwa, amewasahau watu zaidi ya laki tatu.

Kisha kuna mpaka. Mwaka 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili msafiri amalize taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja, badala ya kusimama kila upande. Mama mwenye magunia yake ya mchele akisoma maelekezo ya zamani yaliyobandikwa upya, hupoteza siku nzima, na mara nyingi huangukia mikononi mwa vishoka, ambao hawana haja ya tovuti.

Hata jiwe halikusalimika. Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi na kilichojulikana kwa wataalamu tangu 1930, chaandikwa hapa kuwa na tani 12, pale 16, kwingine 25. Haya yote ni makadirio. Lakini kila mnakili hulifuta neno “inakadiriwa”, na kwa kulifuta hugeuza dhana kuwa kipimo.

Si kila kunakili ni kosa. Sheria, waraka na fomu hapana budi zinakiliwe neno kwa neno, na anayezitia maneno yake ndiye mkosaji. Lakini maelezo ya mahali ni jambo jingine. Tena mtambo wa kutafutia wa Google ukikuta maandishi yale yale mahali pengi, kwa kawaida huonyesha ukurasa mmoja na kuiacha mingine nyuma. Na mwaka 2024 kampuni hiyo ilikaza kanuni zake dhidi ya kurasa zinazofyatuliwa kwa wingi kama matofali. Halmashauri yaweza kujaza tovuti yake na bado isionekane.

Kazi inayotakiwa haina gharama kubwa. Afisa habari na atembee hadi kituo cha mpakani, aulize dirisha lipi hufungwa saa ngapi, aandike jibu na tarehe aliyolipata. Na kwa kuwa saa za Zambia ziko nyuma ya zile za Tanzania kwa saa moja, aandike pia kwamba hizo ni saa za upande upi.