Michezo ya Video na Ustawi wa Askari Wetu wa Mpakani

(Maneno yaliyosomwa na Karani kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Busia)



Kamati imetuagiza tueleze jambo lililotajwa kwa ufupi mno katika taarifa ya mwaka. Vijana wameomba iwekwe mashine ya michezo ya video katika chumba cha nyuma cha ukumbi wetu, kwa ajili ya askari walio likizoni na wale waliokwisha kuacha jeshi. Wapo wanachama waliocheka walipolisoma ombi hilo. Hatuwalaumu, ila twawaomba walisikie lote kabla ya kupiga kura.

Kwanza, tukumbuke ya kwamba mchezo si jambo geni katika maisha ya askari. Katika Vita Kuu ya Pili Wakenya wapatao 98,000 waliingia jeshini, na wengine wao wakafika mpaka Burma. Kambini walikuwa na mpira wao na ngumi zao. Siku hizi Ulinzi Stars, timu ya jeshi letu, imetwaa ubingwa wa Kenya mara nne, katika miaka ya 2003, 2004, 2005 na 2010. Hatujasikia mtu akisema ya kuwa jeshi linapoteza wakati kwa kupiga mpira. Mchezo humpa askari mwili wenye nguvu, na tena humpa wenzi.

Pili, tutazame haja iliyopo kwetu. Askari wa Uganda waliingia Mogadishu mwezi wa Machi 2007, na wa Kenya wakavuka kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Hapa petu mpaka hupita katikati ya jamaa moja. Ukoo mmoja waweza kuwa na mtoto katika jeshi la Kenya na mwingine katika jeshi la Uganda. Kambi ya Wakenya iliposhambuliwa El Adde tarehe 15 Januari 2016, na kambi ya Waganda iliposhambuliwa Buulo Mareer tarehe 26 Mei 2023, ambako kwa maneno ya Rais Museveni mwenyewe walikufa askari 54, msiba haukuuliza kitambulisho cha nchi gani.

Waliouawa twawalilia na kuwazika. Walio hai ndio tusiojua tuwafanyie nini. Kijana amerudi na viungo vyake vyote, lakini usiku halali. Gurudumu la lori likipasuka katika foleni ya Malaba, hushtuka na kujitupa chini. Watu wakizungumza, yeye huondoka. Na mara nyingi huondoka kwenda kunywa. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani amepoa. Kijana huyu ukimwita katika mkutano aeleze yaliyompata, hatakuja. Ukimwita aje acheze mpira wa kwenye televisheni na mwenzake aliyekuwa naye kambini, huenda akaja. Na akiisha kuja mara tatu, huenda akasema neno.

Hayo si mawazo ya vijana wetu peke yao. Huko Marekani, Stephen Machuga, aliyekuwa kapteni wa jeshi na kupigana Iraq, alianza mwaka 2010 kuwapelekea askari walio vitani vifurushi vya michezo ya video, na mwaka 2015 akaunda chama kiitwacho Stack Up kwa kazi hiyohiyo. Fedha hupatikana hivi: mchezaji hucheza nyumbani kwake, na mchezo wake huonyeshwa papo hapo kwa njia ya intaneti, watazamaji humshangilia, na kila mmoja hutoa alichojaliwa. Kwa hakika ni harambee, ila wageni hawakuketi chini ya hema moja.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 2009 Profesa Emily Holmes na wenzake wa Oxford walionyesha ya kuwa watu waliocheza Tetris, mchezo wa kupanga vigae, baada ya kutazama filamu ya mambo ya kutisha walirudiwa na picha zile mara chache kuliko wasiocheza. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio kama hilo lililofanywa hospitalini kwa watu waliotoka katika ajali za barabarani, na waliocheza wakasumbuliwa mara chache zaidi katika juma la kwanza. Wala aliyepoteza mkono hakusahauliwa: tangu mwaka 2018 kampuni ya Microsoft huuza kifaa chenye vibonyezo viwili vikubwa, ambacho hata mtu asiye na vidole aweza kukitumia.

Hata hivyo hatusemi ya kuwa mchezo ni dawa. Asiyelala apelekwe kwa daktari. Kazi ya chumba chetu ni kumtoa mtu katika upweke, ili pawepo na mwenzake wa kumsindikiza hospitalini.

Sasa tujibu yaliyosemwa. Wazee wameuliza kama hii si kamari. La, hapatawekwa dau, na atakayeweka dau atatolewa. Mama zetu wameuliza kama michezo ya bunduki haitamrudisha mtu vitani. Swali hili ni zito, na Kamati imekubali: tutaanza na mpira, magari na vigae tu. Naye Mtunza Hazina ametukumbusha ya kuwa paa la ukumbi linavuja. Neno lake ni la haki. Kwa hiyo hatuombi fedha za paa. Twaomba chumba, umeme, na ruhusa ya kuchangisha.

Kamati inaweka masharti manne. Mosi, kibali chochote cha serikali kinachohitajika kwa michango kiombwe kwanza. Pili, kila shilingi itakayoingia kwa M-Pesa iandikwe na kubandikwa ubaoni kila mwezi. Tatu, baada ya gharama za mashine, michango yote iende kwa karo ya watoto wa askari waliofariki, wa upande huu na wa upande ule. Nne, siku mchezo unapoonyeshwa kwa watu, pasiwe na sare, wala jina la kikosi, wala habari ya kambi. Picha za marehemu wa El Adde zilitapakaa mitandaoni mwaka 2016, na jamaa zao waliumia. Tusiwafungulie wengine jeraha hilo.

Ndugu wanachama, mpaka wetu huu ndio ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Chombo kilikuwa kidogo, lakini kilibeba mizigo ya watu na kulisha nyumba nyingi. Twaomba hiki nacho kijaribiwe kwa mwaka mmoja. Mwaka ujao Kamati italeta hesabu hapa, na mkiona hakifai, mkifunge.

Twatoa hoja.