Mvutano Mmoja, Maana Mbili: Istilahi za Kiswahili na Upimaji wa Gamba la Dunia



Yamkini baadhi yenu mnajiuliza mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu miamba. Jibu langu ni fupi. Katika historia ya utafiti wa Bonde la Ufa imo sentensi moja ambayo istilahi zetu za sasa haziwezi kuibeba bila ya kumpotosha msomaji. Sentensi hiyo ndiyo mada yangu.

Kwanza tuieleze elimu yenyewe. Kila kitu chenye tungamo huvuta kingine, na mwamba wenye densiti kubwa huvuta zaidi kidogo kuliko wenye densiti ndogo. Kwa hiyo anayepima mvutano kwa uangalifu anaweza kukadiria yaliyo chini ya ardhi bila ya kuchimba shimo. Kipimo chake ni miligali, takriban sehemu moja katika milioni ya mvutano wa dunia. Kila mita moja ya kupanda hupunguza karibu theluthi ya miligali. Hivyo mpimaji huondoa kwanza athari ya latitudo, ya kimo, na ya miamba iliyo kati yake na usawa wa bahari. Kinachosalia, kiwe ziada au upungufu, ndicho kinachotoa habari za gamba la dunia, ambalo huelea juu ya tabaka lenye densiti kubwa zaidi.

Katika miaka ya 1933 na 1934, Edward Bullard wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipima mvutano katika Afrika Mashariki kwa pendulamu, ambayo hubembea polepole zaidi pale mvutano unapopungua. Katika makala yake ya 1936 alionesha kuwa kwenye mabonde ya ufa kuna upungufu. Alihitimisha kuwa kingo mbili za bonde zinasukumwa kuelekea ndani, nazo zinaikandamiza sakafu ya bonde isiinuke hadi kimo chake stahiki. Kwa maoni yake, bonde lilikuwa zao la mgandamizo.

Mnamo 1969, R. W. Girdler na wenzake waliufasiri upungufu wa namna hiyo vingine kabisa: chini ya nyanda za juu kuna maada ya moto, yenye densiti ndogo, iliyopanda kutoka kina kirefu huku ardhi ikitanuka. Tena, kwenye mhimili wa ufa nchini Kenya wapimaji waliona ukanda mwembamba wa ziada, ulioelezwa kuwa ni miamba ya densiti kubwa iliyopenya kutoka chini. Majaribio ya mitetemo ya mwaka 1985 na 1990 yaliipa nguvu hoja ya kutanuka: gamba lina unene wa kilomita 35 hivi kusini mwa ufa wa Kenya, lakini kilomita 20 tu chini ya Ziwa Turkana.

Sasa natuyaandike hayo kwa Kiswahili: “Vipimo vya mvutano vilionesha kuwa Bonde la Ufa limetokana na mvutano.” Mvutano wa kwanza ni ule uangushao embe, wa pili ni hali ya gamba kuvutwa huku na huku hadi likapasuka. Mwanafunzi atadhani ni kani ileile. Ilhali mabishano yote yalihusu huo wa pili. Wa kwanza haukubishaniwa na yeyote.

Mofolojia inatusaidia kuamua. Mzizi ni vut-, na kiambishi -an- huleta maana ya kutendana. Dunia na jiwe huvutana kwelikweli. Hapo neno ni sahihi kuliko hata mkopo “graviti”, ambao haumfunulii msomaji chochote. Lakini kingo za bonde hazivutani. Zingevutana, zingekaribiana, na bonde lingefumbika. Neno hilo, likichukuliwa kwa maana yake ya asili, linamrudisha mwanafunzi kwenye nadharia iliyokwisha kuachwa.

Napendekeza basi mvutano ubaki kwa graviti, mgandamizo kwa kusukumwa pamoja, na mtanuko kwa kinachotokea katika ufa. Ipo hoja kwamba mtanuko tayari hutumika kwa chuma kilichopata moto. Ni kweli, lakini pote wazo ni moja, yaani kitu kuongezeka upana. Tukisema “mtanuko wa gamba” utata unakwisha.

Hili si suala la kamusi pekee. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, na upimaji wa mvutano ni miongoni mwa njia za kuichunguza hazina hiyo. Wanaoishi juu ya ufa wana haki ya kuelezwa kwa lugha yao kilicho chini yao. Rai yangu kwa waundaji wa istilahi ni kwamba, kabla ya kuliidhinisha neno, tuketi na mpimaji tumwulize amepima nini.