MAZUNGUMZO NA WATUMISHI: FUNZO LA MGOMO WA 1948

 

Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya utulivu mahala pa kazi. Nimeona bora nianze na jambo lililotokea hapa hapa mjini Unguja, mwezi wa Agosti 1948.

Vita Vikuu vya Pili havikupiganwa katika visiwa hivi, lakini taabu yake iliingia hadi jikoni. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa huko ulikatika. Chakula kikagawiwa kwa kipimo na watu wakahimizwa kulima muhogo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 mizinga ilinyamaza, ila bei hazikushuka, na ujira wa mchukuzi haukutosha kumlisha na kumvisha.

Mombasa ndiyo iliyotangulia. Mwezi wa Januari 1947 waligoma wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli na hata watumishi wa majumbani. Septemba mwaka huo wakafuata wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam, na mgomo ukapanda na njia ya reli hadi bara. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Unguja: walianza wachukuzi wa bandarini, vibarua wengine wa mjini wakawaunga mkono, na kazi zikasimama.

Wenye madaraka wa siku zile waliwatazama zaidi wasemaji kuliko maneno yao. Kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti 1947 na kupelekwa mbali na mji. Hata hivyo, mwaka 1955 bandari hiyo hiyo iligoma tena. Msemaji aliondolewa, dhiki ikabaki.

Ndugu zangu, kibarua wa zama zile aliajiriwa kwa siku na kuachwa kwa siku. Hakuwa na mlango wa kubisha hodi. Leo mlango upo. Sheria ya uhusiano kazini ya mwaka 2005 inamtambua mfanyakazi na chama chake. Lakini mlango haufai kitu ikiwa mwenye nyumba haitikii.

Kwa hiyo wakuu wa idara mnanasihiwa: barua ya malalamiko, hata ya tarishi au mfagizi, ipokelewe, itiwe tarehe, na ijibiwe kwa maandishi. Ikiwa jambo haliwezekani, aelezwe sababu. Jibu zito ni bora kuliko faili lililolazwa kabatini. Nanyi watumishi, fuateni ngazi, semeni kweli, na mtunze mali ya umma, kwani hospitali na gati ni zenu pia.

Dini yetu imetuamrisha kumpa mtenda kazi haki yake bila ya kumcheleweshea. Kumsikiliza ni sehemu ya haki hiyo.